Kodi Ilipwe, Kazi Isijifiche

Mazungumzo na familia zilizofika karibuni, Ghala, Muscat

Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mmewaacha watoto kwa jirani, kwa hiyo sitawachosha.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi za ubunifu: ushonaji, uchoraji, muziki, hina, uandishi. Tukikaa ofisini huwa tunazungumza karatasi: ukaazi, shule, kliniki. Lakini kwenye fomu yetu kuna mstari unaouliza, "Kwenu ulikuwa ukifanya kazi gani?" Hapo nasoma mambo mazuri sana. Mpiga gitaa. Fundi cherehani. Mchora mabango. Mtunzi wa mashairi. Mstari unaofuata unauliza, "Hapa ungependa kufanya kazi gani?" na jibu ni lile lile kwa karibu kila mtu: "Kazi yoyote."

Sidharau jibu hilo. Riali ya kwanza inayoingia nyumbani haiulizwi kama imetoka kwenye gitaa au kwenye ufagio. Lakini nimeona kwamba hata mtu akipata nafasi ya kurudi kwenye fani yake, mara nyingi anarudi amejificha. Anashona, ila anashona kile kilichoning'inia kwenye kioo cha duka la jirani. Anapiga gitaa, ila ni zile nyimbo sita za harusi ambazo kila bendi inazipiga. Anaandika, na daftari linalala chini ya godoro.

Tabia hii tumeijenga kwa sababu. Mimi nimekulia kambini Kigoma. Wengi wenu mmepita njia inayofanana na hiyo. Wengine mmekuja kwa ndugu, wengine kwa mkataba wa kazi ambao umegeuka kuwa maisha. Kambini mtoto hufundishwa mapema. Ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Jibu la leo lifanane na la jana, kwa sababu kuna mtu ameliandika. Kwenye foleni ya mgao usiwe wa kwanza kulalamika. Usionekane una kitu ambacho wenzako hawana. Ule haukuwa woga, ilikuwa akili. Kuna nyumba zilizopona kwa sababu baba alijua kunyamaza.

Ila kazi ya sanaa haiendi hivyo. Karani anataka majibu yafanane. Mnunuzi wa nguo, msikilizaji wa muziki, msomaji wa hadithi, hao wanatafuta kitu ambacho hawajakiona kwa mwingine. Mkono uliozoea kumridhisha karani unaendelea kumridhisha hata pale ambapo karani hayupo.

Tuchukue kofia. Kofia ya kiume ya hapa mnaijua. Wenyeji wanaiita kwa jina ambalo sisi Waswahili hatulitamki mbele ya wakwe, basi tuendelee kuiita kofia. Ni ndugu wa kofia ya viua ya Unguja, Pemba na Lamu. Familia nyingi zilizokuja Oman kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, zilikuja na ufundi huo mikononi. Kofia ya mkono, yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, inamchukua mshonaji wiki nyingi. Ya mashine inatoka kiwandani kwa mamia.

Kuna mama mmoja wa hapa hapa Ghala anayezishona. Ruhusa ya kusema amenipa, jina nimeliacha. Aliponionyesha kazi zake niliona zote zimeiga kofia za mashine za sokoni. Maua yale yale, rangi zile zile, hata nafasi kati ya ua na ua. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwanangu, hizo ndizo zinazonunuliwa." Ni kweli zinanunuliwa, lakini kwa bei ya mashine. Ameweka wiki tano za macho yake kwenye kitu ambacho mteja anakilinganisha na kile kilichotoka kwenye mtambo. Halafu akafungua mkoba akatoa kofia nyingine, aliyomshonea mumewe. Mchoro wake ni wa mama yake, wa Pemba, umefuatana kama mawimbi yanayopishana, na katikati ameongeza wazo lake mwenyewe. Hiyo hakuna mnunuzi aliyewahi kuiona. "Wataniambia si ya hapa," akasema.

Naomba mwangalie hesabu hiyo vizuri, kwa sababu wengi wetu tunaifanya. Tunadhani kuiga ndiyo njia isiyo na hasara. Hasara ipo, ila inakuja polepole, kwa hiyo hatuihesabu. Kila mwezi bei inashuka kidogo, kila mwezi kuna mwingine anayeshona kile kile, na mwisho unasema hii kazi haina soko. Soko la nakala ndilo limejaa. Kazi yako mwenyewe hujaipeleka sokoni bado.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mbao nyepesi za ujenzi, kwa rangi za kupaka baiskeli. Hakuwa na shule ya uchoraji wala vifaa vya wachoraji. Alikufa mwaka 1972, baada ya miaka minne tu, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima. Wanafunzi na jamaa zake waliendeleza, na wengine ni mafundi wa kweli. Lakini nendeni leo kwenye vibanda vya watalii, mtakuta twiga yule yule na jua lile lile kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na muuzaji anakuita akipunguza bei kabla hujauliza. Aliyeanzisha alithubutu. Wengi waliokuja nyuma yake waliona kinachonunuliwa wakakirudia, na siwalaumu, walikuwa na watoto. Nasema tu bei imefika wapi.

Sasa mtaniuliza: mtu asiye na akiba, asiye na ndugu wa kumkopesha, anathubutu vipi? Nitawatajia watu watatu wa kwetu, na naomba msiangalie ushujaa wao peke yake. Angalieni walisimama juu ya nini.

Siti binti Saad, wazee wa Kizanzibari mliopo hapa mnamjua kuliko mimi. Alizaliwa Fumba, karibu mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi yenye asili ya utumwa. Alihamia mjini mwaka 1911. Wakati huo taarabu ya wakubwa, ya jumba la Sultani na ya vilabu vya mabwana, iliimbwa kwa Kiarabu. Njia salama kwa mwimbaji maskini kutoka shamba ilikuwa kuimba Kiarabu kile kile kwa namna ile ile na kumshukuru Mungu akialikwa. Kiarabu aliimba, ila akaiimba taarabu kwa Kiswahili pia, na ndani yake akatia habari za mtaani: mahakama, wizi, wanawake walioonewa. Kuna wimbo wake uitwao Kijiti, unaohusu kesi ya mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Muuaji alikimbilia bara, na walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Fikirini mwanamke wa asili ile, enzi za utawala wa Waingereza, anasimama na kuiimba hukumu ya mahakama. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa pwani yote. Baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Lakini Siti hakuthubutu peke yake. Alikuwa na kundi: mpiga udi, mpiga fidla, watu wa kuleta maneno, na jioni walikutana kufanya mazoezi. Wimbo kabla haujafika mbele ya watu ulikuwa umeshapita kwenye masikio ya watu anaowaamini. Wimbo mbaya ulifia ndani ya chumba kile, na hakuna aliyeaibika. Sisi huku tunafanya kinyume. Tunakaa na wazo peke yetu miezi minane, halafu tunataka tulitoe siku moja mbele ya dunia nzima, na bila shaka tunaogopa. Nani asingeogopa?

Wa pili ni wa Wakongo wenzangu, Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Mgeni katika nchi ya watu, riziki yake inategemea wenyeji wampende. Ushauri ambao sisi wahudumu wa familia tungempa, nakiri tungempa, ni kwamba aimbe mapenzi na kuwasifu viongozi. Yeye aliimba umaskini na kifo. Na UKIMWI ulipokuwa unazika watu huku familia zikisema ni malaria, akatoa Mambo kwa Soksi, wimbo unaowaambia wanaume watumie kondomu. Radio Tanzania haikuupiga. Ninyi mliozoea simu zenye muziki wa dunia nzima, elewa maana yake: siku hizo redio ilikuwa hiyo moja. Kwa mwanamuziki, kufungiwa pale kulikuwa kama duka kufungiwa barabara.

Hakuzama, kwa sababu redio haikuwa mlango wake pekee. Alikuwa na kumbi za dansi, na watu wanaolipa getini wenyewe bila kumuuliza mkurugenzi yeyote. Alishafika Ulaya na tamasha la WOMAD, akatoa albamu zilizosikika mbali na Dar es Salaam. Alikufa Desemba 2010. Leo ukipanda daladala Dar es Salaam unaweza kumwambia kondakta akushushe Sinza kwa Remmy. Kituo cha basi kimeitwa kwa jina la mgeni kutoka Kindu. Wale walioimba salama miaka ile walikuwa wengi, nami sijui vituo vyao viko wapi.

Ukitegemea mteja mmoja, au tajiri mmoja wa harusi, au duka moja linalochukua nguo zako zote, hutathubutu kamwe, hata uwe na moyo wa simba. Kwanza ongeza milango.

Wa tatu ni Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana wa miaka 18 baada ya Mapinduzi, akafika Uingereza. Alifanya kazi ya mhudumu hospitalini. Baadaye alisoma, akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha huko huko hadi kustaafu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka 40. Nobeli ilimjia Oktoba 2021. Hesabuni wenyewe: miaka 34 kati ya kitabu cha kwanza na siku hiyo, na muda mwingi kati ya hiyo alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi kama mwalimu mwingine yeyote. Mshahara ule haukumfanya asiwe mwandishi. Nadhani mshahara ndio uliomruhusu asiandike kile ambacho soko lilitaka siku ile. Kwa hiyo anayefagia ofisi asubuhi na kuandika usiku asijione ameshindwa sanaa. Ufagio umemlipia kodi, na daftari lake halidaiwi na mtu.

Kuna riwaya yake moja, By the Sea, ya mwaka 2001, ambayo ningependa kila mhudumu wa familia aisome. Mzee wa Kizanzibari anafika uwanja wa ndege wa London kuomba hifadhi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, na yeye anakijua vizuri. Basi ananyamaza. Mzigo wake wa thamani ni kijaluba chenye udi, udi wa kweli wa kufukiza, na afisa wa uhamiaji anamchukulia mbele ya macho yake. Ndugu zangu, hapa Oman nani asiyejua harufu ya udi? Na nani kati yetu hajawahi kujifanya hajui kitu anachokijua ili apite salama? Ukimya ule, ambao sisi tunauonea haya, Gurnah aliuchukua akaujenga kitabu. Hakuusafisha ili upendeze kwa wageni. Wengi wenu mnaniambia, "Mimi sina la kuandika, maisha yangu ni ya kambi tu." Mimi nawaambia kambi ni mali. Foleni ya maji ni mali. Lugha yenu yenye Kibembe, Kifulero au Kilingala ndani yake ni mali, msiifue mpaka ipauke.

Na msidhani mambo haya ni ya Uingereza tu. Jokha Alharthi, Mwomani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, chuo kisicho mbali na hapa tulipokaa, aliandika riwaya inayogusa utumwa na familia zilizoishi nao, jambo ambalo nyumba nyingi hazilizungumzi mbele ya wageni. Mwaka 2019 tafsiri yake ilipata tuzo ya Man Booker International, na kabla yake hakuna kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu kilichokuwa kimepata tuzo hiyo. Naye kazi ya kufundisha hakuiacha.

Sasa niseme kidogo kama mhudumu, kwa sababu kuna mtu atatoka hapa akaache kazi kesho. Usiache. Uthubutu ninaousema ni wa ndani ya kazi yenyewe: mchoro, neno, sauti, mkato wa nguo. Kodi ya nyumba si mahali pa kuthubutia, wala ada ya shule. Na sheria za wenyeji si mahali pa kuthubutia kabisa. Anayeishi kwa viza ya kazi amefungwa na mwajiri wake. Kuuza bidhaa au kupiga muziki kwa malipo nje ya hapo kunaweza kukuletea faini, na kurudishwa. Usifungue ukurasa wa kuuza kwenye simu kwa sababu jirani amefungua. Hujui karatasi zake. Njoo kwanza ofisini tuangalie pamoja nini kinaruhusiwa kwa karatasi ulizonazo. Na kabla hujaweka hadharani picha au maneno yanayomtaja mtu au kugusa dini, muulize mtu anayeijua nchi hii. Mtu anaweza kuwa mbunifu sana na mwenye adabu sana, Siti alikuwa hivyo.

Wazazi, nina neno nanyi. Najua mnavyosikia kijana anaposema anataka kuchora. Mnaona safari yote mliyosafiri, na mwisho wake ni penseli. Lakini piteni mtaa wa viwanda wa hapa Ghala siku moja mkiwa hamna haraka. Angalieni mabango ya maduka, milango ya chuma iliyokatwa maua, marumaru, mapazia, makochi yanayovishwa upya. Kila kimoja kuna mtu alikichora kwanza, na wengine wanalipwa kwa kuchora tu. Msimwambie kijana aache. Mwambieni asome, na alete nyumbani mchoro mmoja kila wiki ambao hakuuiga kwenye simu. Kisha mwangalie kweli, msiseme tu "vizuri" huku mnakoroga chai. Mwambieni kipi hamkukielewa. Hiyo ni heshima kubwa kuliko sifa.

Yule mama wa kofia, mtataka kujua. Ameshona moja kwa mchoro wa mama yake, akaiweka kwenye duka la jamaa yake mwenye leseni, kwa bei mara tatu ya zile nyingine. Mpaka leo ninaposema nanyi haijauzwa. Watu watatu wameiulizia, na mmoja alirudi mara ya pili na kaka yake. Yeye anaendelea kushona zile za sokoni kwa sababu umeme haulipwi kwa maulizo, lakini ameanza nyingine ya Pemba pia. Nilipomtembelea wiki iliyopita alikuwa amefumua nusu yake kwa sababu mawimbi hayakukutana alivyotaka. Zile za sokoni hajawahi kuzifumua hata siku moja.

Tumepanga kukutana hapa kila Alhamisi baada ya magharibi, kuanzia wiki ijayo. Kahawa ipo, halua tutachangishana. Kila mtu alete kitu kimoja ambacho hajamwonyesha mtu: wimbo nusu, ukurasa mmoja, kipande cha kitambaa. Hakuna kupiga picha na hakuna kurekodi, kilichosomwa humu kinabaki humu. Anayekuja mikono mitupu mara ya kwanza akaribie tu, asikilize. Watoto waje, kuna chumba cha pembeni na kuna dada wa kuwaangalia. Anayehitaji usafiri aandike jina kwenye karatasi iliyopo mlangoni, na aandike na upande anaokaa, maana mara ya mwisho dereva alizunguka Bausher nzima akitafuta "nyumba nyeupe karibu na msikiti".

Sasa nisikie maswali. Tuanze na akina mama wa nyuma kule, mmenyoosha mkono muda mrefu.